Babangu ana kidonda kwenye aota, si alsa ya tumbo. Tungoje na dawa au apasuliwe sasa?

BintiWaFundi (Kuze, Mombasa)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Swali langu ni refu, niwieni radhi. Nianze na lile linalonichosha zaidi: babangu ana kidonda, lakini si kidonda cha tumbo. Kila anayekuja kumjulia hali anamletea maziwa, au juisi ya kabichi, na kumkataza pilipili. Jirani yetu wiki nzima amemshika mamangu asimpe mbaazi. Nimeeleza mpaka sauti imenikauka. Kidonda hiki kiko ndani ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, na maziwa hayafiki huko.

Baba ana miaka 74. Alikuwa fundi wa majahazi, kazi yake Bandari ya Kale, tezo mkononi tangu ujana na sigara mdomoni kwa miaka kama 40. Sigara ameacha miaka sita sasa. Presha anayo tangu zamani, na sukari pia, anameza metformini. Dawa ya presha alikuwa akiimeza siku anayokumbuka.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya Alasiri. Ameketi barazani na kahawa yake. Nilikuwa mlangoni nachambua mchele, nikamwona anakiweka kikombe chini polepole sana, kama mtu aogopaye kukivunja, kisha akashika ukuta. Akasema kuna kitu kimempasua mgongoni, katikati ya mabega, kikatokea kifuani. Jasho lilimlowesha fulana yote. Tukamkimbiza zahanati moja ya karibu. Walimpima ECG, wakasema moyo mzima, ni gesi, wakampa dawa ya kutafuna na sindano ya maumivu. Presha hakuna aliyempima. Usiku maumivu yakarudi, tukampakia kwenye tuktuk mpaka hospitali kubwa, na huko presha ilikuwa 198/104. Daktari kijana, Mungu amlipe, alimpima mikono yote miwili, akamuuliza kama maumivu yalianza ghafla au kidogo kidogo, akaagiza picha ya CT ya kifua, ile ya kuchomwa dawa mshipani.

Ripoti inasema ni kidonda kinachopenya, kiko kwenye sehemu ya aota inayoshuka, chini kidogo ya pale unapotoka mshipa wa mkono wa kushoto. Upana milimita 14, kina milimita 8. Hakuna mchaniko, hakuna damu ndani ya ukuta wala nje yake. Alilazwa siku sita, presha ikishushwa kwa dripu, na tangu siku ya pili maumivu yakakatika. Tumerudi nyumbani na bisoprololi na amlodipini za presha, na atorvastatini ya mafuta ya damu. Picha nyingine baada ya mwezi, halafu mwezi wa tatu, wa sita, na mwaka.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat, yuwataka baba apandishwe ndege ya India wiki hii hii, anasema tumeuziwa vidonge tu. Shangazi anasema kisu hakiingii mwilini mwa ndugu yake. Baba mwenyewe yuwaona amepona na anataka kurudi kwenye jahazi la rafiki yake. Mimi niko katikati. Kidonda kwenye mshipa kama ule kinaachwaje? Anaweza kusujudu? Ramadhani itakuwaje? Na usiku nichunge nini hasa?

MuuguziZamuYaUsiku (Tudor)

Wa alaykum salaam dada. Mpe mzee pole. Mimi ni muuguzi, zamu zangu ni za wagonjwa mahututi, na wa aina hii nimewauguza, ingawa si wengi. Sikumwona baba, kwa hiyo daktari wake akisema tofauti nami, mfuate yeye.

Ukuta wa aota una matabaka matatu. La ndani jembamba na laini, damu inapita juu yake. La kati ndilo nene, lina nyuzi zinazonyumbuka, hutanuka na kurudi kila moyo unapopiga. La nje ni gamba gumu. Miaka ya presha, sigara na sukari hujaza mafuta na chokaa chini ya lile laini la ndani. Siku moja panabanduka mahali, na damu inaanza kuchimba kuingia tabaka la kati. Hicho ndicho kidonda chenu. Hakina usaha wala wadudu. Kinachokichimba ni damu yenyewe, kwa nguvu ya kila pigo.

Sasa mwambie kaka yako wa Muscat hivi. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Ukiushusha mpaka 60, umeuondolea ukuta ule mapigo zaidi ya 14,000 kila siku, na presha ikishuka, hata yale yaliyobaki hayana ukali ule. Ndiyo kazi ya bisoprololi. Siku za kwanza wodini tunataka namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 na mapigo karibu na 60. Nyumbani, wengi huwekewa lengo la chini ya 130/80. Hivyo vidonge anavyovidharau ndiyo matibabu yenyewe.

Hatari sitakuficha. Damu inaweza kupenya ikajikusanya ndani ya ukuta. Inaweza kuuchana ukuta kwa urefu. Mahali palipoliwa panaweza kuvimba kama puto. Na baya kuliko yote, gamba la nje likitoboka, damu inamwagika kifuani, na hapo muda unahesabiwa kwa dakika. Ndiyo maana ninaandika kirefu.

Kwa nini hawajapasua? Mahali kilipo kina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kingekuwa kwenye sehemu inayopanda kutoka kwenye moyo, madaktari wa upasuaji kwa kawaida hawangengoja, maana huko damu inaweza kuvujia kwenye mfuko wa moyo. Cha baba kiko sehemu inayoshuka, maumivu yamekatika, presha imetii, hakuna damu iliyovuja. Wa hivyo hupewa dawa na kufuatwa kwa picha. Yanayobadilisha uamuzi ni haya: maumivu yasiyokoma au yanayorudi presha ikiwa nzuri, kidonda kukua, damu ndani ya ukuta, maji yanayoongezeka kando ya pafu, au ukuta kuanza kuvimba nje. Na ukubwa wenyewe: miongozo ya Marekani ya 2022 inaanza kutia shaka kwenye upana wa milimita 13 hadi 20, na kina cha milimita 10 kwenda juu. Baba ana 14 kwa 8. Yuko mpakani. Picha ya mwezi ujao msiiruke hata kwa arusi.

Ya nyumbani sasa. Kusujudu si tatizo kwa wengi, ila dawa hizi huleta kizunguzungu mtu akiinuka haraka, basi ainuke taratibu, na akisikia kichwa kinazunguka aswali kwenye kiti. Kinachokatazwa ni kukaza pumzi na kusukuma. Kuinua ndoo ya maji, kuvuta kamba ya jahazi, na hata kukamua chooni. Mpeni papai na maji ya kutosha asifunge choo. Ramadhani mwoneni daktari kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi husogezwa futari au daku. Lakini bisoprololi haikatizwi ghafla kwa sababu yoyote, moyo hurudi kwa kishindo.

Na dukani kwa dawa uwe mkali. Daiklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo, hupandisha presha na kuumiza figo. Siprofloksasini, antibiotiki ambayo huku kwetu mtu akiharisha tu ananunua, Marekani mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo mwaka 2018 kwamba dawa za kundi hilo zaweza kuongeza hatari ya aota kuvimba au kuchanika, hasa kwa wazee wenye presha na mishipa iliyokakamaa. Kila anayemwandikia dawa aambiwe kwanza habari ya aota.

KakaWaLikoni

Dada, mamangu alipata huo huo, akiwa na miaka 71. Wake ulionekana kwa bahati, alipigwa picha ya pafu kwa kikohozi. Hakuwa na maumivu hata chembe. Tulikaa nao kwa dawa karibu mwaka, kisha ukuta ukaanza kuvimba, akawekewa bomba la ndani Nairobi.

Nieleze maana sisi tulipoambiwa tulifikiri kifua kitapasuliwa. Hakikupasuliwa. Waliingia kwenye mshipa wa paja, pale kinenani, wakapandisha kitu kilichokunjwa, waya na kitambaa, mpaka juu ya kidonda, kikafunguka chenyewe kama mwavuli. Damu ikapita ndani ya kitambaa, kidonda kikabaki nje ya njia. Alfajiri ya pili alikuwa anadai uji.

Lakini si mchezo. Daktari alitukalisha akatuambia mishipa midogo inayolisha uti wa mgongo inatoka kwenye aota hiyo hiyo, na bomba likiifunika mingi, miguu inaweza kupooza. Akasema pia kiharusi, na damu kuvujia pembeni ya kitambaa. Usiku ule wauguzi walikuwa wakimwambia kila saa, mama nyanyua mguu, mama sukuma mkono wangu. Mimi nje nikisikia sauti yake akijibu. Sitausahau usiku ule. Miguu ilikuwa salama, alhamdulillahi, na bado anaenda picha kila mwaka, ni ya maisha.

La mwisho. Sisi tuko ng'ambo ya kivuko. Nyuma ya mlango kuna msumari, na kwenye msumari kuna mfuko wenye CD ya picha, ripoti, orodha ya dawa na kitambulisho. Maumivu ya ghafla ya kifua, mgongo au tumbo, kuzirai, mguu kuwa baridi au kukosa nguvu, kukohoa damu: mfuko unachukuliwa na safari imeanza, hatuulizani. Na neno la kwanza mlangoni hospitali ni "ana ugonjwa wa aota". Ukisema "ana kidonda" watakuketisha kwenye foleni ya tumbo.

FundiWaPicha (Nyali)

Naunga mkono hilo la CD. Mimi ndiye ninayewalaza watu kwenye ile mashine. Watu huja na karatasi ya ripoti peke yake, na daktari hawezi kulinganisha karatasi na picha. Tofauti tunayoitafuta ni ya milimita mbili tatu. Ikiwezekana picha zote zipigwe mahali pamoja, zisomwe na mtu mmoja, na kidonda kipimwe kwenye mkato ule ule.

Kabla ya picha apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, maana dawa tunayochoma hupita kwenye figo. Na kwa kuwa yuko kwenye metformini, aseme mapema. Figo zikiwa dhaifu husimamishwa siku mbili baada ya picha.

Kwa kaka wa Muscat, kama anadhani ni ugonjwa uliobuniwa: vidonda hivi vilitajwa tangu 1934 na Shennan, na mwaka 1986 Stanson na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, ndio walioueleza kama ugonjwa unaojitegemea. Hilo bomba la ndani nalo si jaribio la juzi. Daktari wa upasuaji Volodos aliliweka kwenye aota ya kifua huko Kharkiv, Ukraine, mwaka 1987. Kidonda kimoja kifupi kwenye sehemu iliyonyooka ni mahali pazuri kwa bomba, kwa sababu bomba fupi linatosha na mishipa ya uti wa mgongo inayofunikwa ni michache. Kwa hiyo kama siku itafika, itafika akiwa na njia. Nakubaliana na kungoja kwa macho wazi. Kumpandisha ndege mzee ambaye wiki mbili zilizopita presha ilikuwa 198, mimi binafsi sikubali.

BintiWaFundi

Mungu awalipe nyote. Nimemsomea baba barazani, neno kwa neno, na kaka alikuwa kwenye simu anasikiliza.

Nataka niwaambie alichosema baba, kwa sababu ndicho kilichomaliza ugomvi nyumbani. Nilipofika kwenye yale matabaka matatu alininyamazisha. Akaingia ndani akatoka na kipande cha ubao wa jahazi la zamani, anacho miaka mingi, kimeliwa na mdudu wa maji. Kwa nje ubao mzima, umepakwa mafuta, ukiugonga unalia vizuri. Ukiugeuza, ndani ni mashimo kama sega la nyuki. Akaniwekea kidole changu kwenye shimo moja, kikaingia mpaka kucha, na upande wa pili palibaki gamba jembamba mno. Akasema, "Hapa ndipo nilipo." Kisha akasema jahazi kama hili hulipigi nyundo, hulipakii mzigo, na hulipeleki bahari kuu. Unalilaza gati, unalichungulia kila bamvua, na siku ukiona maji, unatia kiraka kwa ndani. Kaka alinyamaza simuni muda mrefu. Ya India haijatajwa tena.

Tumeanza daftari. Presha asubuhi na jioni, mkono ule ule, baada ya kukaa dakika tano. Wiki ya kwanza 148, 151, 144. Wiki hii 127, 124, 129. Papa mkavu tumemnyima, na hilo ndilo linalomuuma kuliko ugonjwa. Mamangu alijaribu kumrowekea usiku kucha, lakini niliionja ile supu, chumvi iko pale pale. Wajukuu wanaokuja na muguka, yale majani ya kutafuna, wanakaa nje ya lango.

Nami nimepimwa. Nina miaka 43, presha yangu 146/92. Nimeanza dawa.

MuuguziZamuYaUsiku

Daftari hilo liende naye kliniki, ndilo la kwanza ningeomba kuliona. Kuhusu muguka umefanya vyema, una kitu kinachoharakisha moyo na kupandisha presha, na kwa mzee huyu hata kidogo ni kingi. Wewe nawe usikose dawa yako.

BintiWaFundi (baada ya wiki kumi na tatu)

Narudi na habari. Picha ya mwezi wa kwanza ilikuwa sawa na ile ya mwanzo, 14 kwa 8. Tulifurahi mno. Picha ya mwezi wa tatu imepigwa Jumanne, mashine ile ile, msomaji yule yule. Upana 16, kina 11. Baba hana maumivu, presha yake wiki zote hizi haijavuka 130, na bado kimechimba.

Daktari aliweka picha mbili kwenye kioo kimoja akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Ya kwanza kama jino dogo limetokeza pembeni ya duara. Ya pili jino limerefuka, na nje yake duara limeanza kutuna. Akasema amezungumza na timu ya mishipa Nairobi, wamepima picha, wanaona bomba fupi linatosha, na wanataka kuliweka kabla hakijafanya lolote. Tumeambiwa habari ya miguu na ya kiharusi, na baba ametia sahihi mwenyewe. Mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, tumeyaulizia kabla, kilichobaki ndugu wamechangishana, na kaka wa Muscat ndiye aliyetoa kikubwa.

Jumatatu tunapanda treni ya saa mbili asubuhi. Mfuko wetu nao uko kwenye msumari, shukrani kwa kaka wa Likoni. Kumenibakia moja tu. Jumanne asubuhi wanampiga picha nyingine kabla ya kazi yenyewe, na wamesema asile. Dawa za asubuhi je?

MuuguziZamuYaUsiku

Bisoprololi na amlodipini kwa kawaida humezwa hata siku ya kutokula, kwa funda moja la maji. Asiziruke. Metformini na sukari waulize wao Jumatatu jioni mkifika, na uandike jina la aliyekujibu. Na Jumatatu asinyanyue begi, hata dogo.

KakaWaLikoni

Wakianza kumwambia nyanyua mguu kila saa, usiogope kama nilivyoogopa mimi. Ndiyo kazi yao. Tuandikie akishatoka chumbani.